UZI: Stima za mto Mississippi zilivyowatajirisha wenye hisa na kuwachemsha mabaharia

Fundi Boila

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa boila. Miaka kumi na moja nimekula ugali wa mvuke katika kiwanda kimoja cha mkonge ambacho sitakitaja. Usiku mmoja kazi ilikuwa nyuma, msimamizi akaja na kipande cha nondo akataka nikining'inize kwenye mkono wa vali ya usalama ili presha ipande bila vali kufunguka. Nikakataa. Mkataba ulipoisha sikuitwa tena. Tangu hapo nikisoma habari yoyote ya mvuke, jicho langu linakwenda kwenye vali: nani aliishika, na nani alimwamuru.

Ndivyo nilivyoangukia kwenye stima za mito ya Marekani. Stima kwa maana ya zamani, chombo kiendacho kwa mvuke. Ndugu zetu wa Kenya msituletee tokeni za umeme humu.

Picha iliyozoeleka ni jumba jeupe linaloelea, dohani mbili ndefu, gurudumu la makasia linachapa maji, ndani kamari na muziki. Si picha ya uongo, ila aliyeipiga alikuwa amesimama ghorofa ya juu. Leo tushuke chini.

Wengi huanza na Robert Fulton, 1807. Kabla yake kulikuwa na John Fitch, aliyeendesha chombo cha mvuke mto Delaware mwaka 1787, na 1790 akawa anabeba abiria kwa ratiba. Abiria hawakutosha, wafadhili wakachoka, akafia Kentucky mwaka 1798 akiwa hana kitu. Fulton alikuwa na mshirika wa aina nyingine. Robert Livingston, mwanasiasa mzito wa New York, alikuwa amepewa na bunge la jimbo haki ya peke yake ya kuendesha stima kwenye maji ya jimbo zima. Tarehe 17 Agosti 1807 stima yao ikang'oa nanga New York, ikafika Albany, maili 150, kwa saa 32 za mwendo. Injini na karatasi ya wakili vilisafiri pamoja tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1811 wakageukia mito ya magharibi. Walimtuma Nicholas Roosevelt (ndiyo, ukoo ule ule uliotoa marais wawili) akaunde stima Pittsburgh na kuiteremsha mpaka New Orleans, na stima yenyewe wakaiita New Orleans. Mkewe Lydia alikuwa mjamzito wa karibu kujifungua. Ndugu wakamlaumu mume: unamuua mtoto wa watu. Lydia akapanda. Huko Louisville maporomoko yalikuwa na maji machache, wakakaa kusubiri mto ujae, na mtoto akazaliwa hapo hapo. Mwaka huo angani kulikuwa na nyota kubwa yenye mkia. Wamevuka maporomoko tu, tarehe 16 Desemba, likaja tetemeko la New Madrid, moja ya makubwa kabisa katika historia ya nchi ile. Kingo zikaporomoka, visiwa vikapotea, rubani akawa hautambui mto alioujua. Usiku mmoja walifunga kamba kwenye kisiwa, asubuhi kisiwa hakipo. Wakafika New Orleans Januari 1812.

Nakunywa chai narudi.

---

Binti Pangani

Huyo Lydia ndiye nahodha wa kweli. Mjamzito, boila chini ya miguu, nyota yenye mkia juu ya kichwa, ardhi inacheza. Mimi naona kichefuchefu kwenye pantoni tu.

---

Mhasibu Mstaafu

Mkuu nimekaa mbele kabisa. Swali langu la kazi: hizi stima nani alikuwa anaziwekea fedha? Maana naona unazunguka kwa watu wakubwa, lakini mito ile ilikuwa na mamia ya stima. Haiwezekani zote zikawa za akina Livingston.

---

Fundi Boila

Mhasibu, umegonga penyewe.

Haki ya peke yake haikudumu. Henry Shreve, nahodha aliyekulia kwenye mashua za mto, alipeleka Enterprise mpaka New Orleans mwishoni mwa 1814 ikiwa na silaha za jeshi la Andrew Jackson, na 1815 akapanda nayo mto kurudi Louisville. Watu wa Fulton, waliokuwa na haki kama ile ya New York huko Louisiana pia, walimshtaki, hawakufua dafu. Kwa New York, mahakama kuu ya nchi ndiyo iliyomaliza ubishi mwaka 1824 katika kesi ya Gibbons na Ogden: jimbo haliwezi kuufungia mtu mto ambao biashara ya majimbo mengine inapita. Gibbons huyo ndiye aliyekuwa mwajiri wa kijana mmoja nahodha, Cornelius Vanderbilt. Mnajua wenyewe alikoishia kifedha: mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani.

Mlango ulipofunguka wakaingia watu wa kawaida. Stima ya mto magharibi ilikuwa mali ya hisa: nahodha ana robo, mwenye duka la vyakula ana sehemu moja ya nane, fundi mitambo ana moja ya kumi na sita, mjane wa nahodha wa zamani naye ana kipande. Kampuni kubwa zilikuwepo, lakini kwa miaka mingi umiliki ulikuwa wa ubia mdogo kama huu, na nahodha mara nyingi alikuwa mmoja wa wenye mali. Likumbukeni hilo tutakapofika kwenye stima Sultana.

Sasa hesabu yenyewe. Stima ya mito ile iliishi kwa wastani chini ya miaka mitano. Ikipasuliwa na gogo, ikiungua, ikilipuka, ikigandamizwa na barafu, ndio mwisho. Ilijengwa kwa mbao nyepesi, chini bapa, ielee kwenye maji ya kina kidogo. Kwenye njia nzuri, msimu mmoja au miwili ulirudisha mtaji. Kinachofuata ni faida mpaka siku itakapozama.

Mwenye mali anayejua chombo chake kitakufa baada ya miaka minne hatatumia fedha kukitunza kiishi kumi. Atakikimbiza. Kwangu mimi mengine yote ya uzi huu yanatoka hapo.

Injini nayo ilichaguliwa kwa hesabu hiyo hiyo. Shreve na wenzake waliachana na injini nzito za presha ndogo, wakachukua za presha kubwa: nyepesi, rahisi kutengeneza, zinakula kuni kama moto wa nyika lakini kuni zilikuwa bwelele. Stima yake Washington ya 1816 ilipasuka boila mwezi wa sita mwaka huo huo karibu na Marietta, ikaua watu kadhaa kwa mvuke. Ikatengenezwa, na 1817 ikapanda kutoka New Orleans mpaka Louisville kwa siku 25. Mashua za kusukumwa kwa miti na kuvutwa kwa kamba zilikuwa zinachukua miezi mitatu, minne. Baada ya siku 25 zile hakuna aliyeuliza tena habari za marehemu wa Marietta.

---

Mhasibu Mstaafu

Nimeelewa. Ni sawa na daladala la mkopo. Hesabu ya tajiri kila jioni, gari likifa limekufa.

---

Nanga Mbili

Wazee, mimi baharia wa Unguja, nimezeeka sasa. Fundi, tueleze habari za rubani wa huko. Watoto wa siku hizi ukisema rubani wanatazama juu. Rubani ni mtu wa majini kabla hajawa wa ndege, ndiye anayejua mkondo, fungu na mwamba.

---

Fundi Boila

Shikamoo mzee. Huko pia ndivyo, na rubani wa Mississippi alikuwa mfalme. Stima ikishang'oka gati, uamuzi wa njia ni wake, nahodha akiwa mwenye hisa asiwe. Katika miaka ya 1850 alilipwa mpaka dola 250 kwa mwezi, fedha ambayo mtu wa kawaida hakuiota. Sababu ni kwamba mto ule hauna ramani inayodumu. Mafuriko ya mwaka mmoja yanakata kona, yanahamisha fungu, yanaacha mji wa bandari ukiwa maili kadhaa kutoka majini. Rubani alihifadhi kichwani zaidi ya maili elfu moja, kwenda na kurudi, mchana na usiku wa giza.

Kazi hiyo ilifundishwa kwa fedha. Mwaka 1857 kijana Samuel Clemens alikubaliana na rubani Horace Bixby amfundishe kwa dola 500, mia moja za kutanguliza na zilizobaki akatwe kwenye ujira wake akishafuzu. Akapata leseni Aprili 1859. Vita vya 1861 kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini vikafunga mto, akaenda kutafuta maisha kwingine, na akiwa mwandishi akachukua jina la Mark Twain. Mzee Nanga utalipenda hili: jina hilo ni kelele ya mtu wa bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina. Maana yake pima mbili, futi kumi na mbili, maji ya kutosha, pita.

Marubani walijiunga chama na kujenga mtandao wao. Kwenye vituo vya mtoni walikuwa na masanduku yenye kufuli, funguo wanazo wanachama tu. Kila anayepita anaandika hali ya mto: gogo jipya wapi, fungu limehama wapi. Asiye mwanachama anasafiri gizani. Makampuni ya bima yalipoona stima za wanachama hazizami ovyo, yakaanza kuwabana wenye stima waajiri wanachama. Nimewahi kuwa mjumbe wa chama cha wafanyakazi, nikasoma habari hii mara tatu kwa wivu.

Chini ya rubani kuna mafundi mitambo wanaohangaika na boila. Karani anayeshika fedha zote, na msaidizi wake anayesimama kwenye matope ya ufukweni kuhesabu magunia, akaitwa karani wa matope. Kuna serangi mwenye mdomo mchafu. Kuna wapishi, vinyozi, wahudumu wa vyumba. Chini kabisa, wachochea moto na mahamali.

Stima kubwa ilikula makorodi mengi ya kuni kwa siku, na korodi moja ni tuta la futi nane kwa nne kwa nne. Kila baada ya saa chache inasimama kwenye ghala la kuni ukingoni, na abiria wa sitaha ya chini, waliolipa nauli ndogo, wanasaidia kubeba. Hao walilala kati ya magunia na ng'ombe, hatua chache kutoka boila. Wa juu walikuwa na mazulia, vioo na meza ya vyakula vya kumwaga. Stima ilikuwa moja, ila moto ulikuwa wa watu wa chini.

---

Binti Pangani

Na watumwa? Mississippi na pamba bila watumwa ni hadithi nusu.

---

Fundi Boila

Nilikuwa nakuja huko dada.

Stima nyingi za kusini zilifanya kazi kwa watu waliokodishwa. Bwana ana mtumwa St. Louis au Louisville, anamkodisha kwa nahodha, ujira wa mwezi unaingia mfukoni kwa bwana. Wengine walikuwa Weusi huru. Na stima hizo hizo ndizo zilizowabeba watu waliouzwa, wamefungwa minyororo kwenye sitaha ya chini, kuelekea masoko ya Natchez na New Orleans.

William Wells Brown alipita pande zote za kisu hicho. Alizaliwa mtumwa Kentucky, akakodishwa kwenye stima, kisha akakodishwa kwa mfanyabiashara wa watumwa aliyekuwa akiteremka mto na watu wa kuuza. Kazi yake moja ilikuwa kuwaandaa kwa soko: kunyoa ndevu, kung'oa mvi, na mvi zikizidi kuzipaka rangi nyeusi ili mzee aonekane kijana. Aliyasimulia mwenyewe baadaye. Tarehe 1 Januari 1834 stima ilipofunga Cincinnati, upande wa jimbo lisilo na utumwa, alichukua sanduku begani kama hamali mwingine yeyote, akashuka, akaendelea kutembea. Alitafuta kazi tena kwenye stima, safari hii za ziwa Erie, na kwa hesabu yake mwenyewe, mwaka 1842 kati ya Mei na Desemba alivusha watoro 69 kwenda Kanada.

Na kuna mtoto mmoja: Dred Scott na mkewe Harriet, walioshindwa mahakama kuu mwaka 1857 walipodai uhuru wao, binti yao Eliza alizaliwa juu ya stima Gipsey mwaka 1838, wakiwa upande wa mto usioruhusu utumwa.

Sasa hesabu ya tajiri ilivyopinda. Mtumwa ana bei, akifa bwana anadai. Mhamiaji wa Ayalandi hana bei. Kwa hiyo kazi za kuvunja mgongo zaidi mara nyingi walipewa Waayalandi. Katika miaka ya 1850 msafiri mmoja kule Alabama aliona marobota ya pamba yakitelezeshwa kutoka juu ya genge mpaka sitahani. Juu walikuwa watumwa, wakisukuma. Chini walikuwa Waayalandi, wakiyapokea, kila robota kilo karibu mia mbili linakuja kwa kasi. Akauliza sababu. Akajibiwa kwamba Weusi wana thamani kubwa mno kuhatarishwa hapo, na Muayalandi akivunjika mgongo hakuna aliyepoteza kitu.

---

Mpiga Makasia

Kwenye watumwa na stima usimwache Robert Smalls. Huyu hakuwa wa Mississippi, alikuwa Charleston baharini. Stima Planter ya jeshi la kusini ilikuwa ikiongozwa naye kwa vitendo, ila cheo cha rubani mtumwa hakupewa. Alfajiri ya 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala mjini, akaiwasha, akapitia familia yake na za wenzake, akavaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama kama nahodha anavyosimama. Akapiga honi ya ishara mbele ya ngome ya Sumter, ngome ikamruhusu. Walipogutuka alishawakabidhi watu wa kaskazini stima na mizinga yake. Baadaye akawa mbunge wa Marekani.

---

Fundi Boila

Asante Mpiga Makasia, kofia ile ndiyo iliyopita ngomeni.

Sasa tuingie kwenye boila, mniruhusu nirefushe hapa maana ndipo nyumbani.

Boila haipasuki kwa hasira. Moja ya njia zake kuu ni maji kushuka. Moto unapiga chuma ambacho upande wa pili hakina maji, chuma kinakuwa chekundu, kinalainika, na presha iliyopo inakipasua. Stima za mwanzo pampu ya maji iliendeshwa na injini kuu yenyewe. Fikirieni: stima imesimama gatini, injini imesimama, pampu imesimama. Moto lakini haujasimama, maana nahodha anataka aondoke kwa kishindo watu wamwone. Maji yanashuka, mvuke unajaa, mtu kaishikilia vali. Kisha injini inafunguliwa. Ndiyo maana nyingi zilipasuka zikiwa ndio kwanza zimeng'oka gati. Baadaye ilikuja pampu yenye injini yake ndogo, mabaharia wakaiita daktari. Jina hilo limenifurahisha kuliko yote niliyosoma.

Moselle, Cincinnati, 25 Aprili 1838: stima mpya, maarufu kwa mbio, imechukua abiria, imeondoka gatini tu, boila zikaondoka nayo. Zaidi ya watu mia walikufa, wengine walitupwa mpaka nchi kavu. Mwaka huo bunge likatunga sheria ya ukaguzi, dhaifu, yenye matundu. Ya 1852 ndiyo iliyokuwa na meno: boila zipimwe kwa presha ya maji, marubani na mafundi wawe na leseni, wakaguzi wa serikali walipwe. Watu waliokuwa wakipinga serikali isiingilie mali ya mtu walichoka kuzika.

Hata hivyo 13 Juni 1858 stima Pennsylvania ikalipuka chini ya Memphis. Samuel Clemens alikuwa mwanafunzi kwenye stima hiyo mpaka siku chache kabla, akaondolewa kwa sababu ya ugomvi na rubani aliyempiga mdogo wake. Mdogo, Henry, miaka 19, alibaki. Aliungua na mvuke, akafa baada ya siku nane. Samuel ndiye aliyekuwa amemtafutia kazi hiyo.

Sasa Sultana.

Aprili 1865, vita vimekwisha. Vicksburg kumejaa askari wa kaskazini waliotoka kwenye kambi za mateka za Cahaba na Andersonville, mifupa mitupu. Serikali inalipa dola tano kwa kila askari atakayerudishwa, kumi kwa ofisa. Nahodha wa Sultana, J. Cass Mason, ana hisa kwenye stima na mfuko wake umetoboka. Boila moja inavuja, chuma kimetokeza uvimbe. Fundi aliyeitwa anasema bamba mbili zitolewe ziwekwe mpya, kazi ya siku kadhaa. Siku kadhaa maana yake askari watapanda stima ya mwingine. Basi kikawekwa kiraka.

Leseni yake ilikuwa watu 376. Walipanda zaidi ya 2,100. Sitaha zikaanza kulegea, zikasimikwa nguzo za kuzishikilia. Ilikuwa na boila nne zilizounganishwa maji. Mtu wa boila mwenzangu atanielewa: stima yenye uzito wote juu ikiinama upande mmoja, maji yanakimbia kutoka boila ya juu kwenda ya chini, ya juu inabaki kavu juu ya moto, ikiinuka, maji yanarudi kwenye chuma chekundu. Na mto ulikuwa umefurika, mkondo mkali, injini inasukuma kwa nguvu zote, maji yenyewe matope matupu yanayoganda ndani ya boila. Sababu ipi ilitangulia watu wanabishana mpaka leo. Kwangu zinatosha zote.

Saa nane usiku wa 27 Aprili, maili chache juu ya Memphis, ilipasuka. Makadirio ya waliokufa yanaanzia zaidi ya 1,100 mpaka 1,800. Walionusurika moto walikutana na maji baridi, na wengi hawakuwa na nguvu za kuogelea hata dimbwi. Nahodha alikufa humo. Ofisa mmoja alihukumiwa na mahakama ya kijeshi, hukumu ikafutwa. Hakuna mwingine aliyewajibishwa. Magazeti nayo yalikuwa na Lincoln, aliyepigwa risasi wiki mbili tu nyuma, na muuaji wake aliyeuawa siku moja kabla.

---

Mhasibu Mstaafu

2,100 kwa dola tano. Nimepiga hesabu nikafunga kikokotoo.

---

Mpiga Makasia

Mbona umeruka mashindano ya 1870? Ndiyo habari pekee niliyokuwa naijua kabla ya uzi huu.

---

Fundi Boila

Sikuyaruka, nayaona ya ghorofa ya juu tu. Haya kwa ufupi. Natchez ya nahodha Thomas Leathers na Robert E. Lee ya nahodha John Cannon, New Orleans mpaka St. Louis, 30 Juni hadi 4 Julai 1870. Cannon aliivua stima yake kila kilichovulika na akakataa shehena, na njiani akajaziwa kuni na stima nyingine huku zikienda sambamba bila kusimama. Leathers akabeba mzigo na abiria kama kawaida, akakamatwa na ukungu. Lee ikashinda, safari nzima ikitumia siku 3, saa 18 na dakika 14. Kamari iliyochezwa ilifika Ulaya. Mchochea moto aliyefanya kazi siku tatu zile jina lake sijaliona popote.

Kilichoziua stima ni reli. Daraja la kwanza la reli kuvuka Mississippi lilifunguliwa Rock Island Aprili 1856. Haikufika hata mwezi, tarehe 6 Mei, stima Effie Afton ikagonga nguzo, ikawaka, na kipande cha daraja kikaungua. Stima nyingine zikapiga ving'ora kwa furaha. Mwenye stima akaishtaki kampuni ya daraja, na wakili mmojawapo wa daraja alikuwa Abraham Lincoln, mtu aliyewahi kuteremsha mashua mpaka New Orleans, na mwaka 1849 alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya kifaa cha kuinua stima zilizopwelewa kwenye mafungu. Rais mwingine wa Marekani mwenye hataza hakuna. Alisimama mahakamani akieleza kasi ya mkondo kama rubani. Jury haikukubaliana, daraja likabaki, na reli ikazidi kula shehena mwaka hadi mwaka.

---

Mtu wa Boma

Nichomekee kidogo toka Kongo. Stanley, yule aliyeitwa Bula Matari, alifika New Orleans mwaka 1859 akiwa kijana wa melini, akaishi huko. Miaka ishirini baadaye akiwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipandisha stima za vipande vipande kandokando ya maporomoko ya Kongo mpaka juu, migongoni mwa watu, na wengi katika kikosi chake walikuwa Wazanzibari wa kukodi. Sisemi aliiga Mississippi. Nasema tu ujira wa hamali wa mvuke haukubadilika kwa kuvuka bahari.

---

Nanga Mbili

Hao Wazanzibari babu zetu walikuwemo. Tulisikia majina yao barazani.

---

Binti Pangani

Nanga, uandike uzi wako huo tunausubiri. Fundi, wanawake wengine zaidi ya Lydia hawakuwepo? Au wote walikuwa vyumbani wanakunja mashuka?

---

Fundi Boila

Walikuwepo na walikunja mashuka pia, wengi wao Weusi, huru na watumwa. Lakini kuna Mary Miller wa Louisville. Yeye na mumewe walikuwa na stima Saline. Mume alikuwa na leseni ya urubani, akawa nahodha na rubani kwa pamoja. Washindani wakapeleka umbea kwa wakaguzi kwamba mtu mmoja hawezi kubeba leseni mbili kwenye chombo kimoja. Mary akaomba ya unahodha yeye. Wakaguzi wa New Orleans wakashtuka, wakaandika Washington kuuliza kama inawezekana. Waziri wa fedha akajibu kwamba akiwa anafaa, apewe. Akaipata Februari 1884. Umbea uliokusudiwa kumnyima mume kazi ukamzalia mke leseni.

---

Mpiga Makasia

Na leo mtu akienda, anaweza kupanda ya kweli?

---

Fundi Boila

Anaweza. Belle of Louisville iliundwa 1914 na bado inakwenda kwa mvuke. Na kuna ambayo huwezi kuipanda ila naikumbuka kila siku.

Stima Arabia ilizama mto Missouri tarehe 5 Septemba 1856, karibu na Parkville, ikichanwa na gogo la mti wa walnati. Watu wote walitoka salama. Mto ukahama, kama kawaida yake, ukaiacha stima chini ya shamba huko Kansas. Mwaka 1988 familia moja ya mafundi wa mabomba ya hewa baridi, pamoja na rafiki zao, waliichimbua kutoka futi 45 ardhini, nusu maili kutoka mto ulipo leo. Wakakuta karibu tani 200 za mizigo: viatu, vyombo vya udongo, misumari, chupa za achari. Mmoja akafungua chupa ya achari ya miaka 132, akala, na akaishi kusimulia. Vyote viko makumbusho Kansas City.

Aliyekufa siku ile alikuwa nyumbu mmoja. Mwenyewe aliwaambia watu kwamba alijitahidi sana kumwokoa, alimfungua kamba, ila nyumbu akagoma kutoka, si unajua ukaidi wa nyumbu.

Walipochimba waliikuta mifupa ya nyumbu sitahani. Alikuwa bado amefungwa.